Bwana Shamba Aliyetuchagulia Boti

Nianze na meno yake, maana ndiyo niliyoyaona kwanza, na mpaka leo yananijia nikiwa mezani. Yalikuwa makubwa, ya njano, yamepandana, na alikuwa akiyafanyia kazi. Ukitaka akuambie kama kahawa yako imekauka, hakuipima kwa mkono. Alichota punje guniani, akaitia kinywani, akaibana kwa magego, kwa! Kisha akaitoa imelowa mate, akaitazama juani kama daktari, akasema, "Bado siku mbili," akairudisha guniani. Guniani, jamani! Mama alingoja aondoke, akainama, akaitafuta ile punje moja kati ya nyingine zote mpaka akaipata, akawatupia kuku.

"Wazungu watakunywa kahawa yangu," alisema, "lakini mate ya yule hawatayanywa."

Tulimwita Bwana Shamba. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kutufundisha kilimo kwa niaba ya serikali, na hata kazi ilipokwisha jina likabaki. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ukoo pia, nami nayajua yote mawili. Siyataji. Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, waulizeni wanaompenda.

Alikuja kijijini kwetu Ruanda, huku milimani Mbinga, akiwa na baiskeli ya serikali, mabuti ya serikali na sauti ya serikali. Wazee aliwaamkia "shikamoo" akiwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, kama mtu anayeamkia ukuta. Alikuwa na ufunguo mrefu wa kufuli la baiskeli ile, na huo ndio aliochokonolea masikio. Anaongea na baba yako habari za mbolea, huku ufunguo unazunguka sikioni, anautoa, anautazama, anaufuta kwenye soksi, anaendelea na mbolea. Na baba yako anatikisa kichwa, "Ndiyo, Bwana Shamba." Kah!

Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Ni mashimo yanayopangwa mlimani, nyasi zinafukiwa kwenye kuta zake, mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kuondoka na udongo. Hatukufundishwa na mtu wa ofisi. Bwana Shamba alikuja na amri kwamba ngoro ni kazi ya kizamani, tulime matuta yaliyonyooka. Alipita shamba kwa shamba akiwa na kamba na vijiti, akiwafokea wanawake wenye watoto mgongoni. Mvua za mwaka ule ziliyasomba matuta yote ya Baba mpaka bondeni, maharage na mbolea yake.

Asubuhi moja nilitumwa kwake kupeleka barua. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya serikali, amekunja suruali, anachimba ngoro. Ngoro safi kabisa, zimepangika, hata bibi yangu mzaa baba asingezitia kasoro. Hakushtuka wala hakuona haya.

"Hii ni ya kula," akaniambia. "Ile ninayowafundisha ni ya serikali."

Akacheka. Yale meno yote yakatoka.

Sasa ningependa kuishia hapo, nimchukie kwa raha zangu. Lakini kuna mwaka chulebuni iliingia kwenye kahawa, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, na Baba alikuwa kitandani na malaria iliyokuwa imempanda kichwani. Bwana Shamba alikuja bila kuitwa. Alilala kwetu siku nne. Alibeba pampu mgongoni, akapulizia dawa ya mrututu mti kwa mti, mgongo ukawa wa bluu, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika magoti. Alipomaliza shamba letu akaenda kwa mjane wa jirani, akamaliza na la kwake. Hakudai hata kuku. Mama alimpa ugali akaula amesimama, akapanda baiskeli, akaondoka. Kahawa ile ilipona, nami nikaendelea na shule. Kwa hiyo mtu niliyemchukia kuliko wote ndiye aliyenisomesha, na hilo nalo linanichefua.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Chama cha ushirika kikaanza kuyumba, wanunuzi binafsi wakapanda milima na magari yao, na kila kitu kilichokuwa adimu kikaanza kuonekana sokoni Mbinga, kimetumika, kimepakwa rangi upya. Mashine za kusaga, baiskeli, redio, pikipiki, pampu, magari yenye maandishi ya nchi ambazo hatujui kusoma maneno yake. Serikali nayo ikapunguza watu wake, na Bwana Shamba akapunguzwa. Alirudisha baiskeli, ila mabuti aligoma kuyavua.

Tukadhani amekwisha. Thubutu! Kumbe ndiyo alikuwa anaanza. Watu hawakujua kununua vitu vilivyotumika. Tangu lini mtu wa Ruanda akachagua mashine? Zamani ushirika ulileta aina moja, unachukua au unaacha. Sasa zipo tano, zote zinang'aa, muuzaji anaapa kwa Mungu. Bwana Shamba akawa ndiye mchaguaji. Na alikuwa na elimu moja tu.

"Kitu ni mwaka," alisema. "Usiangalie rangi, usiangalie umbo. Uliza mwaka."

Alikuwa akikitafuta kile kibati kidogo cha kiwandani, popote kilipofichwa. Alilala chini ya mashine, mabuti yamebaki nje. Akikipata, anakitemea mate, tu!, anakisugua kwa dole gumba mpaka tarakimu zitokee, kisha anatangaza mwaka kama padre anayetangaza ndoa. Wa karibuni, chukua. Wa zamani, acha. Basi. Na watu wakamwamini kwa sababu ilifanana na jambo tunalolijua. Mkulima wa kahawa anajua kwamba zao la mwaka huu lina bei, la mwaka jana limepauka, la mwaka juzi halina hata harufu. Mnunuzi akinusa gunia akasema "hii ya zamani," umekwisha. Tangu utoto tumefundishwa kwamba mwaka ukipita, kitu kinapungua. Hakuna aliyefikiri kuna kitu kinaweza kuwa bora kwa sababu kilitengenezwa zamani na watu waliokuwa bado hawajaanza kulipua kazi.

Na hapo ndipo naingia kwenye boti.

Mama yangu si wa milimani. Ni Mnyasa wa Mbaha, kwa watu wa ziwa, Waanglikana, akaingia Ukatoliki alipoolewa na Baba. Bibi mzaa mama alikuwa bado Mbaha, amezeeka, miguu imevimba, anaugua na kupata nafuu, anaugua na kupata nafuu. Wakati wa kiangazi Mama alikuwa anaweza kufika, lori mpaka Mbamba Bay, kisha gari lolote la pwani ya ziwa. Mvua zikianza, mito inakata barabara, hafiki mtu ila kwa maji au kwa miguu. Kila masika Mama alilala akimwaza mama yake. Alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema wazi mbele yetu.

"Nimzike mama yangu kwa mikono yangu. Mengine Mungu apange."

Mwaka ambao kahawa ilipanda bei kuliko tulivyowahi kuona, Baba na ndugu zake wakakubaliana ukoo ununue boti. Ingekaa Mbamba Bay, mjomba wangu, kaka yake Mama, angeiendesha, ingebeba mahindi yetu na abiria wakati wa kiangazi, na masika ingempeleka Mama kwa mama yake. Baba alisema hivyo hasa: "Na mama yenu naye apate njia."

Mfanyabiashara mmoja alikuwa amevusha boti mbili kutoka ng'ambo, za faiba, zile ambazo huko wazungu walikuwa wakitembelea na familia zao siku za mapumziko. Pana, bapa, sakafu imefunika kuanzia mbele mpaka nyuma, viti vimezunguka pembeni, juu turubai. Zilikuwa za kampuni moja, umbo moja. Moja ya mwaka sabini na nane, rangi imebabuka, viti vimechanika. Nyingine ya themanini na tano, nyeupe, ina mstari wa bluu, viti vizima. Bei hazikupishana sana. Kazi ilikuwa kuchagua mwaka.

Tulishuka Mbamba Bay watu watano: Baba mkubwa, ambaye ndiye kaka mkubwa wa Baba na mkuu wa ukoo wetu, Baba mwenyewe, Bwana Shamba, mimi niliyekuwa nimeoa mwaka ule, na Mama kwa sababu tungelala kwa kaka yake. Wanaume wakabaki kusalimiana na muuzaji. Bwana Shamba akaanza kutambaa kutafuta vibati vyake. Mama akavua ndala, akafunga kanga vizuri, akapanda boti ya kwanza, akatembea taratibu kwa kisigino. Akashuka, akapanda ya pili. Akaenda kumnong'oneza Baba, akarudi, akaniita.

"Njoo ukanyage hapa."

Nikakanyaga. Ilikuwa ile nyeupe. Sakafu ikabonyea chini ya mguu wangu kama godoro.

"Sasa sikiliza." Akagonga kwa vifundo vya vidole. Pu, pu. Akanishika mkono tukaenda kwenye ile kuukuu, akagonga. Ko! Ko!

Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona fundi yeyote akilifanya. Akaazima kisu cha mvuvi, akalegeza skrubu moja iliyoshika kiti cha boti nyeupe, akaivuta. Skrubu ikatoka bila kusumbua, na nyuma yake maji yakachuruzika, ya kahawia kama chai ya rangi. Akaniambia ninuse. Ulikuwa ni uvundo wa mhogo uliosahauliwa kwenye maji wiki mbili.

"Chini ya hii ngozi kuna mbao laini, zimekunywa maji mpaka zimeoza," akasema. "Na pale nyuma panapofungwa mashine ni mbao hizohizo. Ile ya zamani waliijenga nene, na chini ina mbao za kweli. Ile ndiyo boti. Hii ni kabati limepakwa rangi."

"Mwambie Baba," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema neno la boti liko sengu." Akaniangalia. "Mimi siingii sengu. Wewe unaingia. Kaseme."

Asiyejua sengu aelewe hivi. Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chungu chake, na baada ya kula ndipo mambo yanasemwa: mashamba, posa, ugomvi. Wanawake wanaleta chakula na kuondoka. Kikishasemwa pale, kimesemwa. Sikatai kwamba sengu ilitulea vizuri. Hakuna yatima aliyelala njaa kwetu. Lakini siku ile ilikuwa mkusanyiko wa watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea, wakiamua juu ya boti, na yule pekee aliyezaliwa majini yuko jikoni anaosha vyungu.

Ilikuwa Jumapili mchana baada ya misa. Bwana Shamba alialikwa, akakalishwa karibu na Baba mkubwa, akapewa firigisi. Firigisi, ya mwenye nyumba! Aliila akafyonza na vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kifundo. Kisha akafuta mikono kwenye mabuti, akasimama.

"Wazee wangu, mimi sina maneno mengi. Boti ni mbili. Moja ya sabini na nane, nyingine ya themanini na tano. Miaka saba! Nani hapa anaweza kumuuzia mtu kahawa ya miaka saba?"

Wakacheka wote. Baba mkubwa akapiga goti. "Hata mbuzi hali!"

"Basi. Kitu ni mwaka."

Nikainua mkono. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale, ndevu zenyewe za kuhesabu. Baba akanitazama, na naapa alikuwa anajua ninachotaka kusema. Bwana Shamba naye akageuka, kipande cha nyama bado kimekwama kwenye jino.

"Sema, mwanangu," akasema Baba mkubwa, kwa upole kabisa. Hakunikemea. Hakuna aliyenizuia. Ningependa kuandika kwamba walinizuia.

Nikafungua mdomo. Nikaziona zile nyuso zote zimeshiba na kufurahi. Nikajiwazia, nitasema nimeambiwa na nani? Na mama? Mwaka wangu wa kwanza kukaa na wanaume, nisimame na neno la jikoni?

"Naomba maji ya kunywa," nikasema.

Wakanipa maji, nikayanywa, wakaendelea.

Watu walisema baadaye kwamba Bwana Shamba alihongwa na muuzaji. Laiti! Mwizi namwelewa, mwizi ana sababu. Nilichunguza mwenyewe. Alichopata kwa muuzaji ni samaki mmoja, mbasa, na alimpa mjomba tukamla wote. Hakuchukua kitu. Alitupotosha bure, kwa kupenda tu kuwa mtu anayesikilizwa baada ya serikali kumwambia hatakiwi tena.

Tukainunua ile nyeupe. Padre akaja kuibariki, akainyunyizia maji ya baraka, na mjomba akaniambia sikioni kwamba maji ndiyo kitu cha mwisho boti ile ilichohitaji kuongezewa. Miezi ya kiangazi ilikwenda. Watu wa milimani walishuka kuitazama, wakapiga picha wamekalia vile viti. Mjomba alikuwa kila asubuhi anachota maji. "Hii inakunywa kuliko marehemu babu," alisema. Jirani mmoja pale ufukweni akaisifu jinsi inavyoelea, mjomba akamjibu, "Vyaelea vimeundwa, bwana. Sasa hiki muulize aliyekiunda alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Na ile ya sabini na nane ikanunuliwa na watu wa huko pwani, bila kibati, bila mchaguaji. Walikuja wazee wawili, wakaikanyaga, wakaigonga, wakaondoka nayo.

Masika yakaja. Mvua zikafunga barabara ya pwani. Siku moja asubuhi ikaletwa habari kwamba Bibi ana hali mbaya, anamtaja Mama. Mimi na Mama tukashuka Mbamba Bay juu ya lori la mkaa, tumelowa mpaka mifupani, na kesho yake alfajiri mjomba akawasha mashine. Ziwa lilikuwa limechafuka kidogo, si la kutisha. Mama alikaa mbele, kifurushi cha unga na sukari mapajani, uso umeelekea Mbaha. Alikuwa anafurahi, naweza kusema hivyo, kwa jinsi mtu anavyofurahi akijua atawahi.

Hatukuwa tumekwenda hata saa moja. Nilisikia mlio nyuma, si mkubwa, kama mtu anararua shuka kuukuu. Nikageuka. Mgongo wa boti ulikuwa umepasuka, ule ubao wa nyuma ulioshika mashine unainama, na ndani yake si ubao tena, ni kitu cheusi kinachomeguka kama ugoro. Mjomba akaikumbatia mashine kwa mikono miwili. Ikamponyoka, ikazama. Maji yakaingia.

"Yesu na Maria!" nikapiga kelele.

"Chota!" Mama akasema. Hakupiga kelele. "Chota, Kosmasi, acha kulia."

Tukachota kwa sufuria na kwa ndoo, mjomba anapiga kasia, upepo ukatusaidia kuturudisha nyuma, tulikotoka. Tulifika ufukweni na boti imejaa mpaka kwenye viti. Hakufa mtu. Mama akashuka, akakamua kanga, akatazama lile tundu mara moja tu. Kisha akaweka kifurushi kichwani, unga wenyewe umekuwa uji, akaanza kutembea kuelekea Mbaha.

Tulitembea sisi watatu, mjomba naye, siku mbili na nusu. Mito tulivuka tumeshikana mikono, mmoja tulingoja nusu siku maji yapungue. Alikuwa anatembea mbele yangu na hakugeuka nyuma hata nilipoteleza. Tulipofika nyumbani kwa Bibi, wanawake walikuwa wamekaa chini nje, wamejifunga kanga viunoni, na hakukuwa na kilio tena. Walikuwa wamekwishalia. Walimzika jana yake mchana, walingoja kadiri walivyoweza.

Mdogo wake Mama akainuka kumpokea. Alimkumbatia kwanza. Kisha akasema, na najua alisema kwa uchungu:

"Dada, wenye boti ndio mmechelewa?"

Mama akaenda kaburini peke yake. Mimi nilisimama mbali, miguu imejaa malengelenge, nikaona jinsi anavyousawazisha udongo kwa viganja, mahali ambapo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wengine. Aliendelea kwa muda mrefu.

Bwana Shamba alishuka mwenyewe kuitazama boti iliyopasuka. Watu walidhani ataona aibu. Alizunguka mara mbili, akaingiza kidole kwenye mbao zilizooza, akakinusa kidole, akatafuta kibati, akakitemea mate. "Mwaka huu kiwandani walikosea," akasema. Walikosea! Huko kiwandani, ng'ambo ya bahari, watu ambao hata jina la Ruanda hawajalisikia. Baba mkubwa akasema ni mapenzi ya Mungu. Mwezi uliofuata Bwana Shamba alikuwa anamchagulia mtu mashine ya kukoboa. Nilipokutana naye njiani nilipita upande wa pili, nikatema mate kama yeye. Aliniona. Akanisalimia kwa furaha.

Miaka ikapita. Baba akafa, Baba mkubwa akafa, sengu ikafa nao, sasa kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa. Mama yuko, nakaa naye, na hajawahi kuniuliza nilisema nini sengu, wala mimi sijawahi kumwomba radhi. Boti ya sabini na nane nilikuwa bado naiona nikishuka Mbamba Bay, imepakwa rangi mara tatu, imejaa watu na mbuzi. Mama alipoiona mara ya mwisho alisema tu, "Ile nayo haichoki."

Mara ya mwisho kuonana na Bwana Shamba ilikuwa Kigonsera. Nilikwenda kwenye harusi, nikaambiwa anakaa pale kwa binti yake, karibu na misheni, na kwamba akisikia mtu wa Ruanda amefika anataka kumwona. Nikaenda. Nataka niseme ukweli, nilikwenda kumwona alivyochakaa. Na alikuwa amechakaa. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, jicho moja jeupe, meno yamebaki mawili, udenda unashuka upande mmoja na hajui. Binti yake akamfuta kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Nimesikia pikipiki. Ya mwaka gani?"

Nikamtajia mwaka wa uongo. Akatikisa kichwa, ameridhika.

Sikuwa na subira. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale miaka yote, nikayatapika yote pale mbele ya binti yake: boti, sakafu, mbao, Mama kwa miguu, kaburi. Nikamwambia alitukosesha, alimkosesha mwanamke kumzika mama yake kwa sababu ya kiburi chake cha kusoma vibati. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea kwamba angesikiliza.

"Mama yako aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Palepale ufukweni. Alinifuata, akaniambia, Bwana Shamba, nyeupe imeoza, kagonge mwenyewe. Nikaenda nikagonga, wewe ulikuwa umekwenda kunywa maji. Nikasikia. Nilikuwa nimekwishawaambia wazee ni ile mpya. Ningerudi vipi nyuma? Nimepunguzwa kazi, sina baiskeli, sina ofisi, nimebaki na neno langu tu. Nikasema moyoni, kwenye sengu mtu atainuka, atapinga, nami nitajifanya nimeshindwa, nitakubali. Itakuwa heshima kwangu na boti itakuwa ile nzuri. Nikangoja. Ukainua mkono, nikasema ashukuriwe Mungu."

Binti yake alikuwa ameacha kumfuta udenda.

"Nikangoja," akasema tena.

Nilimchukia zaidi wakati ule kuliko miaka yote iliyotangulia. Sikumuaga. Niliwasha pikipiki nikaondoka, na nilisimama njiani mara mbili kabla ya kufika nyumbani.

Mama alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo. Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Alijua nimetoka wapi, maana habari za Kigonsera hufika Ruanda kabla ya mtu mwenyewe.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Amezeeka, Mama. Hawezi hata kusimama."

Akapepeta maharage, akapuliza makapi. "Alisema lolote la boti?"

Sikuweza kumwambia. Nikafanya nilichofanya siku zote, nikatafuta neno jepesi la kupita nalo.

"Ameomba radhi," nikasema. "Amesema umsamehe."

Mikono yake ikatulia kwenye ungo. Akanitazama bila hasira yoyote.

"Haya," akasema. "Basi amekutangulia."